Pakiti ya Tatu

Mama Misumari alikuwa na mikono isiyomsikiliza. Ukimpa karatasi yoyote, iwe tangazo la msiba au ripoti ya shule ya mjukuu, macho yake husoma huku vidole vinakunja. Pembe hii ndani, pembe ile juu yake, mkunjo mwingine kutoka chini, kisha ulimi wa karatasi unachomekwa kwenye tumbo lake lenyewe, na hapo hata uirushe ukutani haifunguki. Ndivyo alivyofunga misumari tangu enzi alipouza chini, juu ya gunia, kabla soko halijajengwa. Misumari ni bidhaa yenye hila. Ukiifunga ovyo inatoboa, inamwagika njiani, na mteja anarudi na domo refu kudai umempunja. Pakiti yake yeye haikumwaga. Mafundi wengi waliijua pakiti kabla ya kumjua mwenyewe kwa sura.

Hakuwa na maneno ya asali. Bei alitaja mara moja, akakuacha uhangaike nayo. Ukiondoka hakukuita; ukirudi hakukucheka, ila bei ulikuta ile ile. Kwa ukavu huo aliinuka kutoka kwenye gunia hadi kibanda cha kona, kile kinachotazamana na lango kuu, ambacho kila muuza vifaa vya ujenzi alikimezea mate. Fundi akivuka lango tu, jicho lake linagonga madebe ya misumari yaliyopangwa kwa ukubwa, vitasa kushoto, bawaba kulia. Asipotaka kununua, itabidi ageuze shingo kwa makusudi.

Kona hiyo aliipata kwa mkono wa Chama, na hilo hakulificha. Chama cha Ngazi ndicho kilichojenga soko. Siku ya kugawa vibanda yeye alikuwa na kadi, alikuwa ameshinda juani kwenye mikutano yote, na mwenyekiti wa tawi alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Bado ndiye mwenyekiti. Isitoshe, ndiye pia anayeongoza kamati ya soko, ile inayokaa kila mwaka kuamua nani abaki kibanda gani. Kwa hiyo Mama Misumari alipiga kura kama alivyofunga misumari, mikono ikitangulia. Rais wa Ngazi, mbunge wa Ngazi, diwani wa Ngazi. Pale tawini waliita "tatu kwa mpigo", na walikuwa na wimbo wake ambao hata watoto wa chekechea waliuimba wakiruka kamba.

Kilichoharibu mambo ni mtaro.

Mtaro wa soko uliziba. Diwani wa Ngazi, ambaye alikuwa amekalia kiti hicho kwa vipindi viwili mfululizo, akaahidi kuushughulikia. Akaja na watu wa kupima, wakapima. Akaja tena na wapiga picha, wakapiga. Mvua ziliponyesha maji yakaingia vibandani, na asubuhi Mama Misumari akakuta madebe yake yamejaa uji wa tope. Msumari wenye kutu hununuliwa na mjinga, na wajinga si wengi kiasi cha kulipia pango. Akamfuata diwani ofisini. Mheshimiwa alimpokea vizuri mno, akamwita mama yangu mzazi, akamwambia suala lake linashughulikiwa. Neno hilo alilisikia mpaka likamtokea puani.

Aliyekuja kuuzibua alikuwa Fundi Bomba, naye Fundi Bomba alikuwa mtu wa Kengele, chama cha upande wa pili. Hakuna aliyemwita. Alivua shati, akatumbukia na fito na sururu, akashinda humo, akatoka ananuka kiasi kwamba mbwa walimpisha njia. Halafu, bado anachuruzika, akaja kibandani kwa Mama Misumari na kuomba apunguziwe skurubu.

"Umezibua mtaro," alimwambia. "Hujanunua soko."

Hakumpunguzia hata kidogo. Lakini maji yalipokauka, jambo hilo halikukauka kichwani mwake. Na mwaka wa uchaguzi ulipofika, Fundi Bomba akasimama kugombea udiwani kwa Kengele dhidi ya mheshimiwa yule yule wa kushughulikia.

Shemeji yake hakuwa mjinga. Alikuja kibandani mwenyewe, akaketi juu ya debe lililofunikwa, akampa beji ya uwakala: siku ya kura angekaa kituoni kwa niaba ya Ngazi, kulinda kura na kusaini fomu za matokeo. Ilikuwa heshima, na pia ilikuwa kamba shingoni, na wote wawili walijua. Kisha akaingia kwenye lililomleta. Alisema yeye si kipofu, anajua diwani wao ni mzigo wa kuni mbichi. Ila diwani wa Kengele akiingia kwenye baraza lililojaa Ngazi, ataongea na nani, na ukuta? Ataomba barabara, ataambiwa akaigongee kengele yake. Kata nzima itakaa gizani kipindi kizima kwa sababu ya hasira za watu wachache.

Mama Misumari aliigeuza hoja hiyo kama anavyogeuza kitasa kipya kabla ya kukiweka rafuni. Haikuwa mbovu. Alishaona kata za jirani zilizopata diwani wa upande wa pili zikisahaulika kama viporo.

"Kwa hiyo kwa kuwa mko wengi, na mbovu naye apite?" aliuliza.

"Apite. Tutamnyoosha ndani kwa ndani."

"Vipindi viwili mnamnyoosha. Amekuwa waya wa henga, mkiuachia unajikunja tena."

Shemeji alicheka, kisha akaacha kucheka, akaitazama kona, madebe, lango. Akamwambia kwa sauti ya chini, karibu ya upole, kwamba kamati inakaa baada ya uchaguzi.

"Kuna mtu ameiomba hii kona, shemeji. Nimemjibu kona ina mwenzetu. Sipendi nije nionekane mwongo."

Hakuwa amemtisha. Alikuwa ametaja bei, tena mara moja, kama yeye mwenyewe anavyofanya. Mama Misumari alimheshimu kwa hilo.

Kituo chao kilikuwa darasani, katika shule ya msingi nyuma ya soko. Siku ya kura alipiga mapema, kabla ya kukaa kwenye benchi la mawakala. Karani alimpa karatasi tatu na kumwambia, kama alivyowaambia wote, akunje mara moja tu. Alizichukua nyuma ya lile boksi la kujificha. Rais, Ngazi, hakuwa na ugomvi naye. Mbunge, Ngazi, huyo angalau alileta umeme. Kwenye ya tatu kalamu ikaning'inia.

Pale ndipo alipojiuliza swali ambalo hakuwahi kujiuliza kwa miaka yote ya kadi yake. Mtu akija kwake kwa bawaba na kitasa, akaona bawaba ni nzuri na kitasa kimekufa chemchemi, je, atachukua vyote kwa kuwa vimetoka kibanda kimoja? Yeye binafsi angemcheka mteja huyo mpaka machozi. Nje alisikia foleni ikikohoa. Akapiga moyo konde, akaweka alama kwenye kengele, akatoka, akatumbukiza kila karatasi kwenye sanduku lake, akaenda kukaa. Alikuwa amejiuza au amejinunua, hakujua bado. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba hakuna aliyemwona.

Jioni, kabla jua halijaanza kufifia, kituo kikafungwa na hesabu ikaanza. Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu wa darasa lile lile. Nyuma yake ukutani kulikuwa na jedwali la kuzidisha. Mawakala walibanwa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Upande wa Kengele alikaa kinyozi wa pale lango kuu, mtu wa maneno mengi aliyekuwa akitazamana na kibanda cha Mama Misumari kila siku ya Mungu. Mlangoni alisimama shemeji, naye ana beji yake ya kushuhudia. Karani alikuwa anachukua karatasi moja, anaifungua, anaiinua juu wote waone, anataja.

Walianza na sanduku la rais. Zilikwenda vizuri, mpaka karani akashika karatasi moja akakwama. Akaivuta huku, akaibinya kule, akaipeleka mdomoni.

"Usitumie meno," mwalimu akamwambia. "Hiyo ni kura."

"Mpelekeeni seremala," kinyozi akasema. "Hiyo ina misumari ndani."

Darasa likaangua kicheko, na macho yote yakamgeukia Mama Misumari. Naye akacheka, amechelewa kidogo. Karani akapata pa kuishika, ikafunguka. Ngazi.

Shemeji akapiga paja. "Hata bila jina ile kura naijua."

Mwalimu akamkumbusha kwamba kura ni siri. Shemeji akauliza ni siri gani na mwenyewe amekaa pale anacheka, na watu wakacheka tena. Wakati huo ndipo Mama Misumari alipoacha kucheka. Aliitazama mikono yake iliyolala juu ya dawati kama ya mtu mwingine. Karatasi zilikuwa tatu. Mikono ilikuwa imezikunja zote.

Kwenye sanduku la mbunge pakiti ilitokea katikati. Safari hii hakuna aliyehitaji kuambiwa. Karani aliinua tu, kinyozi akasema, "Mzigo wa pili," ikafunguliwa, Ngazi. Shemeji mlangoni akainua mkono, vidole viwili juu, na cha tatu amekikunja, kinasubiri.

Sanduku la tatu likaletwa mezani.

Mama Misumari alifanya haraka hesabu ya alichonacho mkononi. Kuondoka hakusaidii, pakiti ingefunguliwa hata akiwa nyumbani amejifunika shuka. Kugusa karatasi haruhusiwi. Kilichobaki ni mdomo. Akainua mkono, akasema kwa sauti aliyoipima kwamba jua linawaacha, na wangeokoa muda kama karatasi zote zingefunguliwa kwanza, zikalazwa meza nzima, ndipo zisomwe. Mwalimu alianza kutikisa kichwa kukubali. Alikuwa amechoka.

Kinyozi ndiye aliyekataa. Mtu wa Kengele, ambaye kura ile ilikuwa yake, akakaza shingo.

"Masanduku mawili tumesoma moja moja na hukusema kitu, mama. Hili la udiwani ndilo unalotaka lifanywe vingine? Hapana. Moja moja, hivyo hivyo."

Mwalimu akakubaliana naye. Mama Misumari akashusha mkono, na hakuhitaji kugeuka kujua shemeji anamtazama vipi. Alikuwa ametenda kosa ambalo hufanywa na mnunuzi wa mara ya kwanza: ameonyesha kwamba kitu anakitaka. Alipogeuka hatimaye, shemeji hakuwa ameinua vidole tena. Alikuwa ameuegemea mlango, uso umekauka, anatazama rundo.

Mama Misumari naye alikuwa ameiona. Pakiti ilikuwa ukingoni mwa rundo, imetuna, imejikunyata kati ya karatasi zilizolala. Mkono wa karani ulikwenda upande huo ukachukua ya jirani yake. Ngazi. Ukaenda tena. Kengele. Ngazi. Kengele, Kengele. Zilikuwa zinafukuzana bega kwa bega. Mama Misumari aliandika alama zake bila kukosea. Rundo likapungua. Pakiti ikabaki na wenzake wachache, kisha ikawa haina pa kujificha.

Karani alikuwa ameshajifunza. Akavuta ulimi, karatasi ikafunguka yote kwa mara moja. Akaiinua juu.

"Kengele."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi aliitazama ile karatasi, akamtazama Mama Misumari, akafungua mdomo, halafu kwa mara ya kwanza tangu wajuane akaufunga bila kutoa kitu. Akainama akaandika.

Fundi Bomba alishinda kituo kile kwa kura za kuhesabika kwenye vidole. Mwalimu akaomba muda wa kujaza fomu, na shemeji akamfanyia Mama Misumari ishara. Wakasimama barazani karibu na tangi la maji. Alianza kwa kumtupia kamba ya kujiokoa.

"Niambie kuna mwingine anayekunja vile."

"Hakuna," alisema.

Shemeji akavuta pumzi. Akamwambia basi asikilize vizuri. Zile fomu za rais na mbunge asaini. Ya udiwani akatae; aseme karani alichanganya, aseme mwanga ulikuwa hafifu, aseme lolote. Wakala akikataa kusaini, Chama kitakuwa na pa kuanzia kulalamika.

"Nami mle ndani," alimaliza, "sikuona pakiti yoyote ya tatu."

Ilikuwa bei nzuri. Mama Misumari hakujidanganya juu ya hilo. Neno moja, asaini mbili aache moja, na kona inabaki, madebe yanabaki, lango linaendelea kumletea mafundi. Alikuwa amewahi kusema uongo mkubwa zaidi kuuza bawaba. Akalitazama tangi, linavuja kwenye maungio, akawaza bila kutaka kwamba Fundi Bomba angelifunga mara moja.

"Rais na mbunge mmeshinda humu?" aliuliza.

"Tumeshinda."

"Karani ni nani?"

"Shemeji, usinizungushe."

"Ni huyu huyu. Meza hiyo hiyo, mikono hiyo hiyo. Nikisema alichanganya ya diwani, Kengele watauliza mbona ya rais hakuchanganya. Utawajibu nini? Huwezi kurudisha msumari mmoja ukadai umetoka kibanda kingine."

Hoja ilimgusa shemeji, ila haikuwa hoja aliyoifuata pale barazani. "Ya rais niachie mimi. Mimi nakuuliza ya diwani. Na nakuuliza ya kona."

"Kona ni yako kuitoa," alimjibu. "Saini ni yangu."

"Nitalazimika, unajua. Watu wameona. Nikikuacha pale langoni, uchaguzi ujao kila mtu atachagua anachotaka."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesoma masharti nyuma ya risiti, na Mama Misumari akaona kwamba kwa upande wake hakukosea hesabu. Chama kinachoacha watu wachambue kinaanza kuuza rejareja. Lakini hiyo ilikuwa shida ya Chama.

"Fanya kazi yako, shemeji," alisema. "Na mimi niache nikafanye yangu."

Akaingia ndani, akasaini zote tatu. Mwalimu akampa nakala zake, na vidole vikaanza mara moja: pembe hii ndani, pembe ile juu yake. Akavikamata. Akazinyoosha karatasi juu ya dawati kwa kiganja, akaziacha zimelala hivyo hivyo, wazi.

Fundi Bomba akawa diwani. Kamati ya soko ikakaa, na shemeji akaja mwenyewe kumpa jibu, jambo lililompa alama machoni pake, maana angeweza kumtuma mtu. Alimkuta madebe ameshayafunga kamba. Kibanda kipya kilikuwa mstari wa nyuma kabisa, pale mtaro unapotokea, ambapo mteja hufika akiwa amepotea njia. Konani akaingia mwuza vitasa mwingine, ana kadi mpya inayong'aa. Kinyozi alimtazama mgeni huyo siku chache, kisha akageuza kiti cha kunyolea kikatazama upande wa pili.

Kadi yake yeye hakuirudisha. Walipomuuliza tawini alisema kadi ni mali yake, na kwenye mikutano aliendelea kwenda, akakaa kwenye benchi ambalo ghafla lilikuwa na nafasi tele. Biashara ilidorora, ikakaa hivyo muda mrefu. Kisha mafundi wakaanza kuulizia pakiti isiyomwaga imehamia wapi. Si wote. Baadhi.

Baada ya kila uchaguzi alikuwa na mazoea ya kukusanya mabango ya wagombea, ya kila chama, kwa kuwa ni karatasi nzito na hakuna anayeyataka. Aliyakata vipande, akayapanga kando ya mizani. Siku moja diwani mpya akaja huko nyuma, amevaa koti lililombana mabegani, ananyata asikanyage maji. Habari ya pakiti ya tatu ilikuwa imeshalizunguka soko lote mpaka ikarudi ilikotoka. Alikuja kushukuru. Kwanza akaomba skurubu, na kama kawaida yake akaomba apunguziwe, safari hii kama diwani.

"Bei ni ile ile," alimwambia.

"Mama, si ulinipa kura?"

"Sikukupa zawadi. Nilikupa kazi." Alikuwa ameshaanza kukunja, na kipande cha juu ya rundo kilikuwa cha bango la Kengele, uso wa diwani ukaingia ndani, pembe moja, pembe ya pili, ulimi ukachomekwa juu ya pua. "Geuka nyuma yako."

Aligeuka. Mtaro ulikuwa umesimama tuli, kijani, mifuko ya plastiki imejaa mdomoni mwake. Alieleza kwamba ameshaliandikia baraza la madiwani, kwamba wale wa Ngazi wanamzungusha, kwamba kwa kweli suala hilo linashughulikiwa.

Mama Misumari akaacha kufunga.

Diwani alilisikia neno lake mwenyewe likiwa limening'inia pale, akapata haya. Akaitazama ile pakiti, akautazama mtaro, kisha viatu vyake. Uchaguzi mwingine ulikuwa mbali bado, lakini haukuwa mbali kiasi cha kumsahaulisha kwamba karatasi zitakuwa tatu tena, na kwamba mwanamke huyu sasa anajua kukunja mara moja tu.

"Unao wavu wa kuzuia takataka?" akauliza.

"Ninao," alisema, na akamtajia bei, mara moja.